Niambie Ulichosikia

Mashindano ya ngoma ya Wasukuma hayana meza ya majaji. Chama cha Bagika kinacheza upande huu, cha Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na mtazamaji yuko huru kuhama. Ukiona kwa wenzao kumenoga, unavuka uwanja. Upande unaofurika watu ndio ulioshinda. Mambo yamekuwa hivyo tangu enzi za Ngika na Gumha, waganga wawili ambao ushindani wao ndio ulioasisi vyama hivyo, na ndivyo yalivyo hadi leo kiangazi kinapoingia, pamba ikishavunwa na watu wa Bariadi, Itilima na Maswa wakipata nafasi ya kucheza. Mtu anaweza kuzaliwa na kuzeekea Usukumani, akawa mjuzi wa muziki kupindukia, bila kulazimika hata siku moja kueleza kwa nini alivuka. Miguu yake imeshasema.

Mbele ya redio miguu haisaidii. Muziki uliorekodiwa umekuja peke yake, umeacha nyuma vumbi, jasho na msongamano wa uwanjani. Anayetaka kumwonyesha mwenzake kwa nini wimbo huu unaushinda ule hana budi kutafuta maneno. Kuyatafuta mpaka yapatikane yale yanayolingana na sauti yenyewe ni ufundi, na wenye ufundi huo nawaheshimu kama ninavyowaheshimu wapiga ngoma.

Huku Binza, Usukumani, nimekaa na wasikilizaji wa namna hiyo kwenye kijiwe kilicho mbele ya kibanda cha fundi redio. Kuna mwalimu mstaafu, kuna mama anayeuza dengu, kuna vijana wa bodaboda ambao simu zao zimejaa nyimbo za mamanju wa sasa. Wimbo ukiisha, mtu akasema tu kwamba ni mzuri, mwalimu atamgeukia kwa upole: "Mwanangu, hiyo ni hukumu. Ushahidi uko wapi? Niambie ulichosikia." Basi kijana atajikuna kichwa, ataomba wimbo urudishwe, na safari hii atasikiliza kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu anajua ataulizwa. Nimeliona hilo likitokea usoni mwa mtu: macho yanaacha kutangatanga, yanatua mahali.

Kati ya rekodi tulizozisikiliza hapo, zilizotufundisha zaidi ni zile za Hugh Tracey. Mwingereza huyo aliyeishi kusini mwa Afrika alipita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake, akarekodi Wagogo, Wanyamwezi, Wahaya, Wasukuma na wengineo. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ambayo mpaka leo inazihifadhi rekodi hizo huko Afrika Kusini. Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni mkononi mwenyewe na kuisogeza kwa mwimbaji au kwa chombo alichotaka kisikike. Ukishalijua hilo, unaanza kumsikia na yeye. Mwimbaji anayeongoza anasikika karibu, waitikiaji wako mbali. Halafu ghafla waitikiaji wanakuwa wakubwa, na kiongozi anabaki nyuma yao. Hakuna aliyepaza sauti. Ni mkono wa mtu umesogea.

Siku moja uliwekwa wimbo wa kuitikizana. Vijana wakabishana kuhusu ngoma: ni ngapi, ipi inaongoza. Mama muuza dengu alikuwa kimya muda wote. Wimbo ulipoisha akasema, "Hao watu wamekaa." Tukamuuliza amejuaje. Akajibu kwamba hakusikia njuga. Wangekuwa wanacheza, njuga zingelia miguuni, hata kwa mbali. Na vishindo vya miguu kwenye ardhi kavu vingesikika chini ya ngoma. Hawa wametulia, wanaimba kama waimbavyo watu wa wigashe, ngoma ya kukaa. Tukaurudisha wimbo. Kweli, njuga hazikuwamo. Sisi sote tulikuwa tumesikiliza kilichopo. Yeye alisikiliza na kisichokuwapo, akakipa jina. Sijui mhakiki gani aliyesomea kazi hiyo angeweza kutupa zaidi ya hapo kwa maneno matatu.

Pwani mazungumzo ya namna hii yana historia ndefu, ila yalielekea kwingine. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, kila upande wa sahani ulibeba kama dakika tatu tu. Dakika hizo tatu zilifika kwenye mikahawa ya Unguja na kuzua mjadala wa jioni nzima. Anasemwa nani hapa? Fumbo hili limemlenga tajiri yupi? Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja: muuaji akatorokea bara, na wanawake wawili waliokwenda kutoa ushahidi wakaishia jela. Waliousikiliza walikuwa wakiujua mkasa, kwa hiyo kuuzungumza wimbo kulikuwa kuizungumza serikali, mahakama na hali ya mwanamke maskini. Ni urithi mkubwa huo, nami siudharau hata kidogo.

Lakini umetuacha na mazoea ya kukimbilia mashairi. Tukikutana baada ya taarabu au dansi, tunauliza wimbo unasema nini. Ni wachache wanaouliza udi umefanya nini, au fidla imemjibu vipi mwimbaji. Siti aliimba maneno ambayo wengine pia wangeweza kuyaimba. Kilichowakusanya watu ilikuwa sauti, na kuielezea sauti ni kazi ngumu kuliko kufumbua fumbo, maana fumbo lina jibu. Sauti haina jibu. Unaweza tu kuikaribia, ukasema inaanza na ukali kidogo kisha inalegea mwishoni mwa mstari, mwenzako akakataa, akasema haikulegea, imepungua pumzi, na hapo ndipo mazungumzo yanapopata uhai.

Rekodi za Radio Tanzania zinatupa nafasi nzuri ya kujifunza hilo. Kwa miaka mingi bendi zetu zilipita studio ya redio ya taifa kwa sababu hapakuwa na studio nyingine ya maana ya kuzipokea. Mashairi yalikaguliwa kwanza, kisha wanamuziki wakaingia na kupiga pamoja, tarumbeta, magitaa, tumba na waimbaji. Wengi tulizipata nyimbo hizo kwa kurekodi kutoka redioni kwenye kanda, ndiyo maana katika nakala nyingi za zamani mtangazaji bado anaongea wakati gitaa la solo limeshaingia, na mawimbi yanapanda na kushuka. Kuna anayekerwa na mikwaruzo hiyo. Mimi nadhani inamzoeza msikilizaji kufuata uzi mmoja, mathalani gitaa la rithimu ambalo karibu kila mtu hulisahau, na kuushikilia kelele zikipita juu yake.

Mabishano marefu kuliko yote kijiweni kwetu ni ya mwimbaji wa dansi Muhidin Gurumo. Alijiunga na bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964; mwaka 1978 akawa miongoni mwa waliosimamisha bendi ya Mlimani Park, wana Sikinde, akiwa na Hassan Bichuka pembeni yake. Alifariki mwaka 2014, na sauti yake imebaki katika rekodi za miongo kadhaa, kwa hiyo inawezekana kuweka wimbo wa bendi moja, kisha wa nyingine, na kumsikiliza mtu yuleyule akiwa katika nyumba mbili. Mwalimu mstaafu anashikilia kwamba Gurumo wa Sikinde ndiye Gurumo kamili: sauti yake nzito inakaa chini, ya Bichuka inapaa juu, na katikati yao kuna nafasi ambayo magitaa yanaingia bila kusukumana; wimbo ukifika sehemu ya kuchemka, anasema, nafasi hiyo ndiyo inayokunyanyua kitini. Vijana wengi wako naye.

Mimi niko upande wa NUTA ya miaka ya mwanzo. Naisikia pale sauti ambayo haijapata mtu wa kuegemea, kwa hiyo inabeba yenyewe uzito wa mstari, na kila inapokaribia kuishiwa pumzi inasubiri kidogo kabla ya neno la mwisho. Mwalimu anasema kusubiri huko nimekubuni. Tumekubaliana Jumamosi fundi atuwekee nyimbo hizo kwenye spika kubwa, na kila mmoja wetu ainue mkono pale anapodai amesikia jambo, kabla mwenzake hajafungua mdomo.