Nundu za Kiasi

Kemshafti ndiyo inayopanga saa za injini kupumua. Ni fimbo ya chuma yenye nundu, inayozunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Nundu ikifika kwenye valvu yake huisukuma ikafunguka, ikipita, springi huirudisha valvu mahali pake. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Wakulima wa Machame na Kibosho, ambao babu zao walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuteremsha maji ya Mlima Kilimanjaro hadi vihambani, wanaijua hesabu hii tangu zamani: maji ni yale yale na mfereji ni ule ule, lakini anayefungua banio mapema mno au kuchelewa kulifunga humnyima jirani, na hata yeye mwenyewe hafaidi. Kwa hiyo ninapousifu ufundi wa kubadili kemshafti za gari la michezo linalotembea barabara za kila siku za Moshi, simsifu sana anayezifunga. Kufunga ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi mwenye spana nzuri na kitabu cha gari. Ninayemsifu ni yule anayechagua, na hasa anayethubutu kuchagua nundu ndogo kuliko zile mteja alizozijia.

Nundu hutofautiana kwa mambo mawili makubwa: kimo, yaani valvu inafunguka milimita ngapi, na muda, yaani inabaki wazi kwa nyuzi ngapi za mzunguko wa krankishafti. Wauzaji huziita kwa nyuzi hizo, 256, 264, 272, 280 na kuendelea, na mnunuzi, kama mtu aliyeambiwa kwamba mtumba wote ni bei moja, hushika kubwa. Kosa huanzia hapo. Nundu ya muda mrefu huiacha valvu ya kuingiza wazi hata pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Injini ikizunguka kwa kasi, hewa inayoingia ina mbio zake, hujisukuma ndani ingawa pistoni inaijia, na silinda hujaa kuliko ambavyo ingejaa. Ikizunguka polepole, hewa haina mbio hizo, na pistoni huirudisha ilikotoka. Mgandamizo unapungua, gari halivuti, petroli inaliwa bure. Hakuna kemshafti ya kawaida inayoshinda pande zote mbili. Anayechagua nundu anachagua, kwa kweli, mahali gari litakapokuwa na nguvu na mahali litakapokuwa maskini.

Sasa tuitazame barabara. Mji wa Moshi uko mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu liko karibu mita 1,900. Hewa ya mjini ni nyepesi kwa takriban asilimia 8 kuliko ya pwani. Langoni imepungua karibu sehemu moja ya sita. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho kabla mtu hajaigusa. Ina maana mgandamizo umeshalegea, halafu tunaipa nundu zinazoulegeza zaidi katika mizunguko ile ile ya chini inayotakiwa na kona za kupanda kutoka Himo kwenda Marangu. Chukua Altezza yenye injini ya 3S-GE na gia sita. Toyota waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 210, na nguvu hizo zinapatikana kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Ikiwa gia ya tatu kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa penye makazi, injini hiyo inazunguka karibu mara 2,600. Safari ya kutoka 2,600 hadi 7,600 ni ndefu, na dereva mwenye bodaboda mbele yake na Hiace inayosimama bila taarifa haifanyi ila mara chache sana kwa wiki. Kiwanda kilishaitengeneza injini hii ipende mbio. Nundu za nyuzi 280 zinachukua kidogo ilichobakiza chini na kukipeleka mahali ambapo matuta na sheria havimruhusu mwenye gari kufika.

Atakayepinga ana hoja, tena si dhaifu. Atasema gari la michezo halikununuliwa kwa hesabu za kubeba ndizi. Limenunuliwa kwa raha. Nakubali, ila raha ya barabarani ni jibu la aksileta pale mguu unapogusa, na jibu hilo nundu ndefu hulichelewesha. Mwingine ataitaja VVT-i, kwamba injini hiyo hiyo ya Altezza husogeza kemshafti zake zote mbili ikiwa inatembea. Ni kweli, lakini inachosogeza ni saa ya kufungua na ya kufunga. Kimo na muda vinabaki vile vile. Banio linaloachwa wazi kwa muda wa saa nne, ulifungue alfajiri au asubuhi, bado ni la muda wa saa nne. Tena nundu ndefu zikisogezwa bila kipimo, valvu zinaweza kugonga pistoni. Honda walipotoa VTEC yao katika injini ya B16A mwaka 1989, waliweka nundu za maumbo mawili kwenye fimbo moja, za polepole na za mbio, na sijaona ungamo lililo wazi zaidi kwamba umbo moja haliwezi kutumikia mabwana wawili. Hoja inayonisumbua zaidi ni ya mwenye Impreza ya turbo. Turbo hufidia sehemu ya hewa iliyopotea mlimani, kwa hiyo hofu yangu ya mwinuko inapungua kwake. Lakini mara nyingi shinikizo la moshi kabla ya turbo huzidi la hewa inayoingia, na valvu zote mbili zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi hurudi ndani. Turbo yenyewe nayo inachelewa kuamka. Hata kwake, nyuzi 264 hivi naziona ndio mwisho wa busara.

Ipo hoja nyingine ambayo watu hawaisemi waziwazi: mlio. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga aksileta, inayopanda na kushuka, na ekzosi inayokohoa kwenye mzunguko wa YMCA humtangaza mwenye gari kabla hajaonekana. Siukebehi mlio huo. Una uzuri wake. Bei yake tu ndiyo inayofichwa. Mlio unatokana na moshi kuchanganyikana na hewa mpya, na pamoja nao ufyonzaji ndani ya manifodi huwa hafifu injini ikiwa silensa. Busta ya breki inaishi kwa ufyonzaji huo. Anayeteremka mteremko wa Kikafu akiwa frii, tabia mbaya hata kwa gari zima, atakanyaga mara mbili tatu na kukuta pedali imekuwa gogo.

Ushahidi wa kiasi tunao pia katika mbio zenyewe. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuwa shindano la injini kubwa. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun za silinda nne, na mwaka 1979 Mercedes za silinda nane na lita tano zilikuwa nyuma yake. Sitadai kwamba kemshafti ndiyo iliyoshinda. Nadai tu kwamba barabara zetu zimekuwa zikilipa gari linalovuta popote na kufika.

Kuna wanaochonga kemshafti ya zamani badala ya kununua mpya, na mchongaji anayejua umbo analolitaka hufanya kazi ya heshima. Atakumbuka kwamba kimo hupatikana kwa kuula mduara wa chini wa nundu, kwa hiyo tapeti zitahitaji vipande vinene zaidi kuziba nafasi, na kwamba akichonga kupita ngozi ngumu ya chuma, nundu zitalika. Springi zitapimwa, kontroli boksi itarekebishwa. Kabla ya yote hayo, fundi wa kweli hubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, anarudisha silinda hedi, anazungusha krankishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, sikio likiwa karibu. Kisha anafungua tena, anaukata udongo kwa wembe pale valvu ilipoacha alama, na kupima unene uliobaki: kama milimita 2 kwa valvu ya kuingiza, mbili na nusu kwa ya kutolea.