Kwotabeki mwenye mbio hazuiwi kwa mbio

Ukifuatilia futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, kuna maelezo utayasikia kila anapotokea kwotabeki mwenye miguu: mtafutieni mlinzi mwenye mbio kama yeye, amfuate kila aendako. Mlinzi huyo wenyewe humwita jasusi. Maelezo yanavutia kwa sababu hata mtoto anayaelewa. Mwenye mbio, dawa yake mwenye mbio mwenzake.

Makala hii inapinga maelezo hayo. Si kwamba jasusi hayupo. Yupo, na makocha humtumia. Lakini kumfanya yeye ndiye jibu ni sawa na kusema daraja halianguki kwa sababu ya rangi yake. Jibu lenyewe liko kwenye hesabu ya kujumlisha na kutoa, kidogo kwenye jiometri, na sehemu kubwa kwenye muda wa kuamua. Tutatumia mfano wa mtu mmoja, Lamar Jackson, alipokuwa Chuo Kikuu cha Louisville mwaka 2016.

Kwa ambao mchezo huu ni mgeni: kila timu ina watu 11. Washambuliaji wana majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani kama mita 9. Kila jaribio linaanza kwa mpira kupewa kwotabeki, naye ana njia tatu: ampe mkimbiaji aliye karibu naye, aurushe mbele kwa mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Akikamatwa na kuangushwa nyuma ya mstari kabla hajaurusha, timu yake inarudi nyuma.

Msimu ule Jackson alitisha. Septemba 17 Louisville waliifunga Florida State 63 kwa 20, yeye akikimbia yadi 146 na kufunga mara nne kwa miguu. Wiki mbili baadaye dhidi ya Clemson alikimbia yadi 162 na kurusha za yadi 295. Mwezi Desemba akapewa tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika ngazi ya vyuo, akiwa hata miaka 20 hajatimiza.

Halafu kuna mechi mbili za upande wa pili. Novemba 17 Houston waliwachapa Louisville 36 kwa 10 na kumwangusha Jackson mara 11. Desemba 31, LSU wakawafunga 29 kwa 9 na kumwangusha mara 8. Rekodi rasmi zinasema kwamba katika kila mojawapo ya mechi hizo alikimbia yadi 33 tu. Basi watu wakahitimisha: wamemfunga miguu. Hebu twende taratibu.

Kwanza, hesabu ya watu

Katika futiboli ya zamani, kwotabeki akishampa mkimbiaji mpira, kazi yake imekwisha. Anasimama anaangalia. Maana yake washambuliaji wanacheza wakiwa 10 dhidi ya walinzi 11. Na ukiondoa mwenye mpira, wanabaki 9 wa kuwakinga walinzi 11. Siku zote kuna walinzi wawili wasiozuiwa na mtu.

Kwotabeki anayeweza kukimbia anaharibu hesabu hiyo. Sasa kuna watu wawili wanaoweza kuubeba mpira, na mlinzi mmoja lazima abaki kwa ajili ya kila mmoja. Tena kuna ujanja mkubwa zaidi. Washambuliaji wanamwacha kwa makusudi mlinzi mmoja wa pembeni bila kumkinga. Kwotabeki anamnyooshea mkimbiaji mpira huku macho yake yakiwa kwa yule mlinzi. Mlinzi akimvamia mkimbiaji, kwotabeki anauvuta mpira na kukimbia kwenye nafasi aliyoiacha. Mlinzi akibaki kumsubiri kwotabeki, mkimbiaji anapewa mpira na kupita ndani. Mlinzi yule hajaguswa na mtu, lakini kila analofanya ni kosa.

Sasa jiulize: jasusi mwenye mbio anasaidiaje hapo? Tatizo la yule mlinzi ni swali alilopewa. Ana miguu ya kutosha.

Jibu walilopata makocha ni kubadilishana kazi. Mlinzi wa pembeni anavamia ndani kwa nguvu zote, makusudi kabisa, ili kwotabeki aone ishara ya kuuvuta mpira. Wakati huohuo mlinzi wa mstari wa pili anazunguka nje na kuijaza ile nafasi. Kwotabeki amesoma vizuri, ameamua vizuri, na amekimbilia mikononi mwa mtu. Ukirudia ujanja huu kila mara ataugundua na kukuadhibu, kwa hiyo unauchanganya: mara hivi, mara vile, bila mpangilio anaoweza kuutabiri. Wanafunzi wa nadharia ya michezo wataitambua hali hii mara moja. Mpiga penalti asiyejua kipa ataruka upande gani yuko palepale.

Pili, jiometri, na nusu sekunde

Hapa ndipo hadithi ya jasusi inapobomoka kabisa. Chukua karatasi na kalamu.

Tuseme kwotabeki ameshatoka pembeni na anakimbia kuelekea mbele sambamba na mstari wa kando, kasi yake mita 9 kwa sekunde. Mlinzi yuko mita 12 ndani ya uwanja na mita 15 mbele yake. Mlinzi huyu ni mzito kidogo, anakimbia mita 8 kwa sekunde. Je, atamkamata?

Inategemea anaelekea wapi. Akikimbilia pale kwotabeki alipo sasa, atachora mkunjo, na mwisho atajikuta nyuma yake. Mtu mwenye kasi ndogo aliye nyuma ya mwenye kasi kubwa hana lake. Lakini akilenga mahali kwotabeki atakapokuwa, pembetatu inafungwa. Ukitumia kanuni ya Pythagoras utaona wanakutana baada ya kwotabeki kukimbia mita 13.6 hivi. Mtu mwenye mbio ndogo amemkamata mwenye mbio kubwa, na wala hakuna muujiza.

Sasa tubadilishe kitu kimoja kimoja, kama tufanyavyo maabara.

Mpe mlinzi kasi zaidi, mita 8.5 kwa sekunde. Wanakutana kwenye mita 12.9. Umemtafuta mchezaji mwenye mbio zaidi nchi nzima, umeokoa sentimita 70 hivi.

Mrudishe kwenye kasi yake ya 8, ila mfanye asite nusu sekunde kabla ya kuanza kukimbia. Wanakutana kwenye mita 18.6. Kusita kidogo tu kumegharimu mita 5.

Mfanye asite sekunde nzima. Fanya hesabu mwenyewe: mlinganyo hauna jibu. Hamkamati kabisa, hata uwanja ungekuwa na urefu wa kutoka Kibaha hadi Chalinze.

Namba za mfano huu nimezichagua mimi, na ukizibadilisha majibu yatabadilika. Lakini umbo la matokeo litabaki: katika umbali mfupi kama huu, muda wa kusita unauma kuliko tofauti ya kasi. Na kumbuka ule ujanja wa kunyoosha mpira ulitengenezwa kufanya nini. Ulitengenezwa kumfanya mlinzi asite. Kwotabeki kama Jackson ana miguu, ndiyo, lakini madhara yake makubwa ni kwamba anaiba nusu sekunde za watu 11 kwa mpigo. Ukitaka kumpunguza, mpe kila mlinzi kazi moja iliyo wazi kabla mpira haujaanza, ili asiwe na cha kufikiria.

Kuna msaada mwingine usiolipwa mshahara. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Uwanja huu una upana wa yadi 53 na theluthi, karibu mita 49, na mtu akikanyaga mstari wa kando mchezo umesimama. Kwa hiyo mlinzi anayejua kazi yake hatafuti kumwangusha kwotabeki katikati, ambako anaweza kukata kushoto au kulia. Anamfungia upande mmoja na kumwachia njia ya kwenda nje. Mstari unamaliza kazi.

Tatu, kizimba

Kwotabeki akitaka kurusha, walinzi wa mbele humkimbilia. Dhidi ya kwotabeki asiyekimbia, kila mmoja anakimbia kwa pupa awahi kufika. Dhidi ya Jackson, pupa hiyo ni mauti. Mlinzi akishapita nyuma yake, ameacha mlango wazi, na yule bwana atatoka nao. Kwa hiyo wanne wa mbele wanatakiwa kusogea pamoja kama kuta za kizimba, wa pembeni wasivuke kina alichosimama, wa kati wasukume mbele moja kwa moja ili asipate pa kupenyea.

Gharama ipo. Kizimba kinafunga polepole, na kwotabeki anapata muda wa kutafuta wa kumrushia. Walinzi wa nyuma nao wana uamuzi wa kufanya. Wakimfuata kila mmoja mtu wake, wanampa kwotabeki mgongo na hawaoni akianza kukimbia. Wakilinda maeneo, macho yao yanabaki kwake, ila kunabaki mianya ya kurushia mpira. Na hapo ndipo unamwelewa jasusi vizuri: ni mtu mmoja aliyetolewa kwenye kukaba au kwenye kuvamia. Kila ukimtumia umekopa mahali, na deni litadaiwa.

Kinachovunja mgogoro huu ni kuwa na watu wa katikati wenye nguvu za kurudisha ukuta mzima nyuma. Houston walikuwa na mmoja, Ed Oliver, kijana wa mwaka wa kwanza. Ukuta ukimrudia kwotabeki usoni, hahitaji mtu wa kumkimbiza, maana hana pa kuanzia mbio.

Sasa turudi kwenye 33

Hapa ndipo nina ugomvi mkubwa zaidi na maelezo ya kawaida. Takwimu za vyuo huhesabu kuangushwa kwa kwotabeki kama mbio zake. Akiangushwa yadi 7 nyuma ya mstari, anaandikiwa kakimbia mara moja, akapata hasi 7. Katika ligi ya kulipwa, NFL, hawafanyi hivyo. Hasara ile hukatwa kwenye yadi za timu za kurusha.

Dhidi ya Houston, Jackson ameandikiwa mbio 25 na yadi 33. Lakini 11 kati ya hizo ni kuangushwa. Mbio zenyewe ni 14. Kwa mfano tu, tuseme kila kuangushwa kulimgharimu yadi 6. Hizo ni 66. Basi zile mbio 14 zilileta yadi 99, wastani wa yadi 7 kila mara, na hiyo ni kazi nzuri sana. Dhidi ya LSU ni yaleyale: mbio 26, kati yake 8 ni kuangushwa.

Kwa hiyo ukisema walimzuia asikimbie, umesoma namba moja inayochanganya vitu viwili tofauti. Walichofanya hasa ni kumharibia kurusha. Siku ya LSU alifanikiwa mara 10 kati ya 27. Siku ya Houston alirusha mara 43, kwa sababu timu yake ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 31 kwa 0. Timu iliyo nyuma kiasi hicho inalazimika kurusha, walinzi wanajua hivyo, na kuangushwa kunaongezeka. Matokeo ya ubao yalizaa takwimu, kisha takwimu zikatumika kueleza matokeo ya ubao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa takwimu akikuletea hoja hiyo, utamrudishia daftari.

Na ukitaka ushahidi wa kinyume, upo. Clemson, waliopigwa zile yadi 162 za miguu na 295 za kurusha, walishinda mechi ile 42 kwa 36, na msimu ukaisha wao wakiwa mabingwa wa taifa.

Kwa nini haya yana uzito

Yangekuwa mabishano ya vijiweni tu kama yasingemgusa mtu. Februari 2018, Jackson akijiandaa kuingia ligi ya kulipwa, Bill Polian, meneja wa zamani wa timu aliyeheshimika sana, alisema hadharani kwamba kijana huyu abadilishiwe nafasi awe mpokeaji wa mipira. Yaani eti ni miguu tu. Ushauri wa aina hiyo wachezaji weusi wa Marekani wameusikia kwa miongo mingi. Jackson alikataa. Alichaguliwa wa 32, kwotabeki wa tano mwaka ule, na Baltimore Ravens. Mwaka 2019 alirusha mipira 36 ya mabao, mingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi, na akapewa tuzo ya mchezaji bora kwa kura zote 50. Polian mwenyewe alikiri kwamba alikosea.

Siwezi kusema namba 33 ndiyo iliyosababisha maoni yale. Ninachosema ni kwamba maelezo ya jasusi na maelezo ya "miguu tu" yana mzizi mmoja. Yote mawili yanamwona kwotabeki kama mwili unaokimbia, na kusahau kwamba kwenye kila mchezo mtu huyu anasoma mlinzi, anaamua, na kumlazimisha mwingine aamue akiwa amechelewa.

Ukitazama mechi nyingine ya aina hii, usimfuate mwenye mpira kwa macho. Mwangalie yule mlinzi wa pembeni aliyeachwa bila kukingwa. Hesabu amesita kiasi gani. Hapo utajua mchezo unakwenda wapi kabla mtangazaji hajafungua mdomo.