UPUPU, KIWAVI NA THABAI: KASORO YA JINA MOJA KWA MIMEA MITATU

Miongoni mwa mambo yanayodhoofisha kamusi zetu ni desturi ya kuanzia kwenye neno la lugha ya kigeni, kisha kulitafutia kisawe kilicho karibu. Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa desturi hiyo, yaani majina ya mimea iwashayo.

Upupu, katika matumizi ya pwani, ni Mucuna pruriens, mmea utambaao wa jamii ya kunde ambao maganda yake yamefunikwa na vinywele viwashavyo. Jina hilo limehamishiwa pia Urtica massaica, mmea wa nyanda za juu zenye baridi, ambao majani na mashina yake huchoma mara yaguswapo. Wa tatu ni Tragia brevipes, utambaao vichakani, wa jamii moja na mbarika. Mimea hii haina undugu, wala haiumizi kwa njia moja. Upupu huwasha kwa kimeng'enya kilichomo katika vinywele vyake. Urtica huingiza histamini ngozini kama sindano. Tragia hutumia fuwele kali iliyo ndani ya seli.

Neno kiwavi limezidisha utata. Katika Mithali, sura ya 24, Biblia ya Union Version ya 1952 inasema kuwa shamba la mvivu limefunikwa na viwavi. Msomaji wa leo, aliyezoea kusikia habari za viwavijeshi, huona wadudu badala ya magugu. Picha ya shamba lililotelekezwa hugeuka kuwa picha ya shamba lililovamiwa, na lawama humwondokea mvivu.

Hasara haiishii katika ufasiri. Wakikuyu hupika thabai, yaani Urtica, na kuichanganya katika mukimo, kwani moto huondoa ukali wake. Kitabu cha shule kikiiita mboga hiyo upupu, kitakuwa kimemwelekeza mwanafunzi kwenye mmea mwingine kabisa.

Yafaa tukumbuke kisiwa cha Remba, katika Ziwa Viktoria, Kaunti ya Homa Bay, ambako wavuvi na wachuuzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaishi juu ya mwamba mdogo. Mahali kama hapo Mjaluo akisema ayila, Mkikuyu thabai na Mkalenjini siwot, kila mmoja ana jina mahususi la mmea wa kwao. Kiswahili, kilicho daraja baina yao, ndicho kinachowapa jina moja lisilotofautisha. Lugha ya mawasiliano haipaswi kuwa maskini kuliko lugha inazoziunganisha.

Pendekezo letu ni kwamba upupu ubaki kuwa Mucuna, thabai ipokewe kwa Urtica, na ayila ifikiriwe kwa Tragia. Huenda wengine wakapinga kwamba thabai ni neno la kabila moja. Hoja hiyo haina uzito, kwani Kiswahili kimekopa kutoka mbali zaidi. Swali la haki ni la tahajia: th ya Kikuyu hutamkwa kama dh yetu. Je, tuandike thabai au dhabai? Sisi twaelekea kwenye thabai, kwa kuwa ndivyo neno lilivyokwisha kuenea katika maandishi. Hata hivyo, tahajia yoyote kati ya hizo ni afadhali kuliko kuendelea kuuita upupu mmea usio upupu.