Buni ya Karagwe na Kapsuli ya Uswisi

Katika shehena zilizoshuka kutoka Karagwe hadi Unyanyembe katika karne ya 19, pamoja na pembe za ndovu zilizowavuta matajiri kama Snay bin Amir na Musa Mzuri hata wakajenga tembe zao Kazeh, ndipo Tabora ya leo, ilikuwamo pia buni ya kutafunwa. Na jinsi buni hiyo ilivyotengenezwa yastahili kuchunguzwa na kila atakaye kufahamu biashara ya kapsuli za kahawa.

Wahaya, majirani wa Karagwe, huichuma ingali mbichi, huitokosa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huianika juani au huikausha kwa moshi, wala ganda lake halibanduliwi, kwani ndilo lihifadhilo utamu wa ndani. Na mgeni afikapo hupewa punje chache kiganjani, kadiri ya mtu mmoja, asihitaji jiko wala birika, jambo ambalo msafiri wa masafa marefu hawezi kulidharau.

Lakini siri yote imo katika kule kutokosa. Mbegu iliyopikwa haioti. Basi mnunuzi wa Kazeh, hata angeijaza ghala yake, hakuweza kuotesha mche mmoja, na ilimlazimu kumrudia muuzaji kila ilipomwishia. Na kwa kuwa Wakama, yaani wafalme, wa Buhaya waliuweka upandaji wa mibuni chini ya idhini yao, kinga zikawa mbili, ya moto na ya amri.

Eric Favre, mhandisi wa Nestlé ya Uswisi, aliyepata hataza mwaka 1976, aliifikia natija iyo hiyo, ya mnunuzi kumrudia muuzaji, kwa maarifa mengine: gramu 5 au 6 za kahawa iliyosagwa hufungiwa ndani ya alumini isiyopitisha hewa wala nuru, mashine huitoboa, na maji ya moto husukumwa kwa nguvu hadi utando upasukie juu ya kibao chenye meno. Nespresso, biashara ya Nestlé ya kapsuli hizo, ilianzishwa mwaka 1986, na faida yake ilikusudiwa kutoka katika kapsuli, inunuliwayo daima, si katika mashine, inunuliwayo mara moja. Hata hataza zilipomalizika, mwaka 2012 na kuendelea, wengine nao wakazitengeneza.

Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa hujaza kapsuli 166 hadi 200, ilhali mkulima wa Kagera, nchi ya Wahaya, huuza buni yake ghafi kwa uzito tu. Na kwa rai yangu dhuluma imo hapa, kwamba thamani huzaliwa katika kugawa mafungu, kazi ambayo babu zake waliijua vyema, na ambayo leo huonekana kwa muuzaji wa Bukoba afungaye punje zake katika majani ya mgomba na kutaja bei yake mwenyewe.