Jinsi Dance Central Ilivyoshinda Kuchelewa kwa Kinect

Kinect, kamera ya Microsoft ya kusoma mienendo ya mwili kwenye mashine ya gemu ya Xbox 360, ilipoingia sokoni Marekani tarehe 4 Novemba 2010, Dance Central ya kampuni ya Harmonix ilikuwa miongoni mwa gemu zilizotoka nayo. Mchezaji alisimama mikono mitupu mbele ya televisheni, akamfuata mnenguaji wa kwenye kioo, na mashine ikampa alama. Wengi waliipenda kwa burudani yake. Mimi naihesabu kuwa kazi ya uhandisi iliyofanywa kwa akili nyingi, kwa sababu kifaa kile kilikuwa kinachelewa kuona, na wimbo haumsubiri anayechelewa.

Mwaka mmoja kabla yake kampuni ya Ubisoft ilikuwa imetoa gemu ya dansi iitwayo Just Dance kwa ajili ya mashine ya Wii. Hapo mchezaji alishika rimoti kwa mkono wa kulia, na ndani ya rimoti mlikuwa na kihisi kinachopima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, katika pande tatu. Kihisi hicho hakijui mkono uko wapi. Kinajua tu kwamba umesukumwa, kwa nguvu kiasi gani na kuelekea upande upi, tena kikichanganya msukumo huo na mvutano wa dunia. Ndiyo maana miondoko ya Just Dance iliupa mkono wa kulia kazi nyingi. Aliyekaa kwenye kochi na kurusha mkono kwa wakati aliweza kupata alama nzuri. Miguu ilikuwa hiari.

Kinect ilikuja kuutazama mwili mzima. Teknolojia yake ya kupima umbali ilitoka kwa PrimeSense, kampuni ya Israeli. Taa ya infraredi humwaga sebuleni maelfu ya nukta ambazo jicho la binadamu halizioni. Kamera iliyo kando yake huangalia nukta hizo zimesogea kiasi gani pale zinapoangukia ukuta, kochi au bega la mtu, na kutokana na kusogea huko kifaa hukokotoa umbali. Zinapatikana picha 30 kwa sekunde, na katika picha hizo kila pikseli hubeba umbali badala ya rangi. Sebule ikiwa na mwanga hafifu, si neno.

Lakini picha ya umbali haijui kiwiko ni nini. Kazi ya kukitafuta ilifanywa na watafiti wa Microsoft mjini Cambridge, Uingereza, akiwemo Jamie Shotton, na waliieleza katika makala ya mwaka 2011. Badala ya kumfuatilia mtu kutoka picha moja hadi nyingine, njia ambayo kosa moja huzaa jingine, waliamua kila picha isomwe upya. Kila pikseli huulizwa maswali mafupi mafupi: sehemu iliyo juu yako kidogo iko karibu au mbali kuliko wewe? Na ile ya kushoto je? Majibu huipitisha pikseli kwenye miti ya maamuzi hadi ipate jina la moja kati ya sehemu 31 za mwili. Pikseli zenye jina moja zikikusanyika mahali pamoja, kiungo kimepatikana. Miti hiyo ilifundishwa kwa picha zilizotengenezwa na kompyuta, za miili minene na myembamba, mirefu na mifupi, zikijengwa juu ya mienendo ya watu halisi iliyorekodiwa: kuendesha gari, kupiga teke, kukimbia, na kucheza dansi. Kwenye Xbox 360 usomaji wote huo ulichukua chini ya milisekunde 5 kwa picha moja. Ni kazi ya kuvutia mno, na nadhani haijapewa heshima yake nje ya duru za wataalamu.

Basi kuchelewa kulitoka wapi? Kwenye mlolongo mzima. Kati ya picha na picha zinapita milisekunde 33. Halafu data isafiri, viungo vilainishwe visitetemeke, gemu ichore inachotaka kuonyesha, na televisheni nayo ichukue muda wake. Ukijumlisha unafika sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Katika wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 500, na robo ya pigo ni 125. Kwa hiyo mashine inauona mguu wako ukitua wakati muziki umeshapita karibu robo ya pigo. Mpiga ngoma akichelewa kiasi hicho, bendi nzima hugeuka kumtazama.

Harmonix hawakuweza kuiharakisha kamera. Walichoshika ni tabia moja ya dansi iliyotungwa: kila hatua inajulikana kabla haijachezwa. Wimbo umerekodiwa, miondoko imepangwa na walimu wa dansi, na mashine inajua ni pigo lipi ambalo mkono wa kushoto unapaswa kuwa juu. Haina haja ya kuitikia papo hapo. Inaweza kukusanya mienendo yako ya mapigo kadhaa, ikairudisha nyuma kwa kiasi cha kuchelewa kinachojulikana, ikailinganisha na mfano, ndipo itoe hukumu mwondoko unapoisha. Ni kama mwalimu anayesahihisha mtihani akiwa na majibu mkononi. Mchezaji naye anapewa nafasi ya kutazama mbele: kadi zenye mchoro na jina la mwondoko hupanda upande wa kulia wa kioo, moja baada ya nyingine.

Uamuzi ninaoupenda zaidi unahusu mahali pa kuonyesha kosa. Ukikosea mkono, mkono wa mnenguaji wa kwenye kioo ndio unaowaka nyekundu. Anayetawala kioo ni yeye, na yeye hachelewi kamwe. Lau wangeijaza televisheni kwa picha yako mwenyewe, ungejiona ukiburuzika nyuma ya wimbo na ungeichukia gemu baada ya ubeti wa kwanza. Katikati ya wimbo ipo sehemu ya kucheza utakavyo, na hapo umbo lako linatokea kwenye kioo. Sehemu hiyo haina alama. Pasipo na mfano uliopangwa, mashine haina cha kupimia.

Hapo ndipo unapoonekana ugumu wa kuigeuza Kinect kuwa ala ya muziki. Yapata mwaka 1920 mhandisi wa Urusi, Lev Termen, alibuni theremini, ala inayopigwa bila kuguswa: mkono mmoja hupandisha na kushusha sauti ya noti karibu na antena, wa pili huongeza au kupunguza ukubwa wake. Mwili wa mpigaji unabadilisha mtetemo wa umeme moja kwa moja, kwa hiyo sauti haiachwi nyuma na mkono. Kinect haikuweza hivyo. Mwaka 2014 Harmonix walitoa Fantasia: Music Evolved, ambamo mchezaji anafuata ishara kwa mikono na kuchagua wimbo uendelee kwa upigaji upi. Anauelekeza muziki uliokwisha kurekodiwa, na hilo kwa maoni yangu lilikuwa kujua mipaka ya kifaa.

Mpaka mwingine uko kiunoni. Kinect ya kwanza ilitambua viungo 20, vitatu vikiwa vya nyonga: katikati, kulia na kushoto. Kwa dansi za mikono na hatua, vinatosha. Mpeleke mbele yake mwanamke wa Mombasa anayecheza chakacha, mabega yametulia, leso imefungwa kiunoni, nyonga zinazunguka kwa sentimita chache. Leso inaficha umbo ambalo kamera inalitafuta, na kile kichujio cha kuondoa mitetemo hakina namna ya kutofautisha kasoro ya kamera na mnenguo mdogo wa ustadi. Vyote viwili hulainishwa. Dansi yenyewe inafutika.

Kwa chakacha ningerudi kwenye kihisi cha Just Dance na kukihamisha. Simu nyingi za leo zinacho, na kwa kawaida husoma mara nyingi zaidi kwa sekunde kuliko kamera ya Kinect. Ifungwe simu ndani ya leso, nyuma ya kiuno, na mnenguo ambao kamera ilikuwa ikiupoteza utasomeka waziwazi. Mdundo wa chakacha huzunguka kwa mapigo ya 6/8, kwa hiyo baada ya mizunguko michache programu inaweza kukadiria pigo lijalo litaangukia wapi na kuandaa sauti mapema. Isijaribu kutoa mlio kwa kila mnenguo, maana itachelewa tu. Ukali wa kiuno katika mzunguko huu uamue ngoma ipigwe vipi katika mzunguko unaofuata. Na spika iunganishwe kwa waya, kwa sababu Bluetooth peke yake inaweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi.