Shahidi Asiyejua Lugha

Ndugu msomaji, kipo kitabu cha serikali ya Uingereza kilichotolewa mwaka 1847 juu ya shule za nchi ya Wales. Majalada yake yalikuwa ya buluu, na wenyeji baadaye wakakiita Usaliti wa Vitabu vya Buluu. Tukipime kwa insafu, kwani chuki si hoja.

Lililo kweli humo ni kweli. Wakaguzi walikuta shule chache, majengo mabovu na walimu wasiojua wafundishalo. Tena mmoja wao alikilaumu kile kibao alichovikwa shingoni mtoto aliyesema Kiwelisi. Aliyekivaa alimvizia mwenziwe ili amvike yeye, hata watoto wakawa wakinyemelea majumbani kusikiliza nani asemaye Kiwelisi na wazazi wake. Mkaguzi aliona kuwa desturi hiyo huharibu tabia, na hapo alisema haki.

Ama kosa lao ni kubwa. Wakaguzi wote watatu hawakujua Kiwelisi. Mashahidi wao wengi walikuwa watu wa Kanisa la Uingereza, hali wenyeji wengi walifuata madhehebu mengine. Kisha wakahukumu kuwa lugha yenyewe ni kizuizi cha maadili, wakatia doa hata heshima ya wanawake wa nchi ile. Je, kadhi asiyejua lugha ya mshitakiwa, asikilizaye upande mmoja, hukumu yake husimama?

Wala tusimlaumu mkaguzi peke yake. Wazazi wengi waliridhia, wakidhani mtoto hapati riziki mpaka aache lugha ya mamaye. Mwaka 1911 watu 43 hivi katika kila 100 walisema Kiwelisi. Mwaka 2021 hawakufika 18. Na uhai wake pia ulianza kurudi kwa wazazi: mwaka 1939, mjini Aberystwyth, ilifunguliwa shule ya msingi ya Kiwelisi yenye watoto 7 tu. Leo shule za namna hiyo zimeenea, na tangu mwaka 2011 sheria inaitambua lugha hiyo kuwa rasmi.

Nami nakiri kosa langu. Zamani, chuoni, nilimcheka mwanafunzi kwa Kibajuni chake, na wenziwe wakacheka. Mwaka ule hakuuliza swali tena. Sikumvika kibao, lakini nilimnyamazisha vilevile.

Basi, ndugu yangu, mfundishe mwanao Kiingereza na Kiarabu, kwani elimu ni pambo. Lakini usimfunze kuionea haya lugha ya nyanyake. Mwacha asili ni mtumwa.