Kumwambia Mtazamaji Kabla ya Pazia

Hadhira iliyoandaliwa kuliko zote nchini Kenya ni ya watahiniwa wa kidato cha nne wanaoigiziwa kitabu teule. Waigizaji wanafika na basi dogo, wanatundika pazia kwenye ukumbi wa kulia chakula, na mbele yao wanakaa mamia ya wanafunzi ambao wameulizwa muktadha wa dondoo hadi wamechoka. Kigogo cha Pauline Kea kilipokuwa kikitahiniwa, kila aliyeketi pale alijua Majoka ataishia wapi kabla Majoka hajakanyaga jukwaa. Ikaja Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na wanafunzi wakawa wanaingia wakijua kwamba Sara ni mgonjwa, Yona amezama kwenye pombe na Neema amebebeshwa mzigo. Hakuna siri iliyobaki, na bado ukumbi unatikisika. Wanacheka kabla kichekesho hakijaisha, wanaguna, wanamkemea Yona kana kwamba atawasikia. Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuliona jambo hili. Nalitaja kwa sababu wapo wanaoshikilia kwamba kumweleza mtu kitakachotokea jukwaani ni kumharibia mchezo, na ushahidi dhidi yao tunao muhula baada ya muhula.

Wanaohitaji kuelezwa zaidi ni wale ambao sauti, mwanga, harufu au kuguswa huwafikia kwa nguvu kuliko sisi wengine, au kwa uchache mno. Wengi wao wana usonji. Tangu 2013 mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, unaihesabu hali hiyo ya hisi miongoni mwa dalili za usonji. Kwa ajili yao huandaliwa onyesho lililolegezwa: taa za ukumbi hazizimwi zote, milango haifungwi, mtazamaji ana ruhusa ya kusimama, kutembea, kutoa sauti, kutoka na kurudi, na pembeni kuna chumba cha kutulia. Hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye bango, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu rahisi. Ufundi wenyewe hufanyika majuma kadhaa nyuma, mtu mmoja anapokaa kwenye mazoezi na saa na daftari, akiandika ni wakati gani mlango unabamizwa, nani anapiga kelele, taa zinageuka nyekundu baada ya neno lipi. Daftari hilo baadaye hugeuzwa kijitabu cha picha ambacho familia itakipitia nyumbani mara nyingi inavyotaka.

Tuchukue Komarock, mtaa wa nyumba zilizopangwa kwa sekta, Kangundo Road upande mmoja na Kayole upande mwingine. Hauna jumba la tamthilia. Kenya National Theatre, iliyofunguliwa 1952, iko Harry Thuku Road, ng'ambo ya katikati ya jiji, na kwa mtoto asiyestahimili muziki wa matatu safari yenyewe inatosha kumaliza siku. Mchezo ukija mtaani utachezwa kwenye ukumbi wa shule au wa kanisa, na hapo kijitabu kilichonakiliwa kutoka London hakifai kitu. Cha London kitaeleza viti vya kukunja na kikaushio cha mikono. Cha Komarock kianzie langoni: mlinzi atakupitishia kifaa cheusi mwilini, kitalia kikikutana na funguo au sarafu, kisha kitanyamaza, mama anaweza kupitishiwa kwanza uone. Viti ni vya plastiki na vitakwaruza sakafu ya saruji watu wakikaa. Paa ni la mabati. Mvua ikinyesha sana hutawasikia waigizaji, nao watasimama wangoje ipungue. Stima inaweza kupotea. Ikipotea, mtu mwenye tochi atasimama mahali palipoonyeshwa kwenye picha, na baada ya muda kidogo jenereta litaanza kunguruma nje, nyuma ya jikoni. Choo kipigwe picha kwa ndani, si mlango peke yake, kwa maana kwa wengi swali kubwa la siku nzima ni hilo.

Halafu kuna sentensi zenyewe. “Kutakuwa na sauti kubwa” ni sentensi inayomtia mtu hofu ya saa nzima, kwa kuwa hajui ni lini. Ilinganishe na hii: “Baba akivua kofia na kuiweka mezani, utasikia mlango ukibamizwa mara moja. Anayefanya hivyo ni dada aliyevaa fulana nyeusi nyuma ya pazia. Anagonga ubao kwa ubao. Unaweza kuziba masikio Baba anaposhika kofia.” Hapa mtazamaji amepewa dalili ya kutazamia, idadi, chanzo na jambo la kufanya, tena kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu anayasoma bila kusaidiwa. Angalia pia kilichoachwa: hakuna “usiogope”. Neno hilo limejaa kwenye vijitabu vilivyoandikwa kwa haraka na kila linapotokea linapanda hofu liliyotaka kuing'oa. Carol Gray, mwalimu wa Michigan aliyebuni hadithi za maandalizi za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, alisisitiza kwamba sentensi za kueleza zizidi kwa mbali zile za kuelekeza. Aliyezoea kuandika matangazo ya shule atapata tabu hapo. Tumelelewa kwenye lugha ya “ni marufuku” na “tafadhali zingatia”, na kuandika “unaweza” kila mahali kunahitaji mkono uliotulia.

Mtu atauliza kwa nini tusipunguze tu sauti na mwanga, tukaachana na vijitabu. Swali ni la haki, na kupunguza kuna nafasi yake. Shirika la Theatre Development Fund lilipoandaa The Lion King kwa ajili ya familia zenye usonji huko Broadway tarehe 2 Oktoba 2011, onyesho la kwanza la aina hiyo pale, sauti zilishushwa na taa za kumwekamweka zikaondolewa. Lakini familia zilitumiwa maelezo pia, na sababu yake inaeleweka ukitazama jinsi mahitaji yanavyogongana. Mmoja huziba masikio makofi yakianza. Mwingine huifuata ngoma iliko na kuweka kiganja juu ya spika apate kuihisi. Ukishusha ngoma umemfaa wa kwanza na kumnyang'anya wa pili. Maelezo humwachia kila mmoja uamuzi: huyu atakaa nyuma karibu na mlango, yule atavaa vifaa vya kuzuia kelele, mwingine atatoka kabla ya ugomvi wa walevi na kurudi baada yake. Mchezo wenyewe unabaki mzima. Yona halazimiki kulewa kwa upole. Nakubali kwamba kujua mapema nako kuna gharama, maana kuna mtu ambaye ukimwambia leo kuhusu jambo la Jumamosi ijayo hatalala mpaka lifike. Ndiyo maana kijitabu hutumwa kwa mzazi au mlezi, naye ndiye ajuaye kama kifunguliwe wiki nzima kabla au asubuhi ile ile.

Pingamizi gumu zaidi linahusu adabu. Watu wamelipa kiingilio wasikilize; kwa nini wavumilie anayevuma kama nyuki wakati wa tukio la kitanda cha mgonjwa? Kimya cha ukumbini kina historia fupi kuliko tunavyodhani. Kuzima taa juu ya hadhira na kuitaka itulie mbele ya jukwaa ni desturi iliyoshika mizizi Ulaya katika karne ya 19, na jumba la Wagner kule Bayreuth, lililofunguliwa 1876, huhesabiwa mfano wake mashuhuri. Huku kwetu mtambaji hakuanza ngano mpaka aitikiwe, na kwenye taarabu hadi leo shabiki huinuka katikati ya wimbo akaenda kumtunza mwimbaji. Hata hivyo nisijidanganye kwamba mambo haya ni mamoja. “Pakawa” ina mahali pake; mvumo wa mtoto hauna, na mwigizaji anayekaribia kulia anausikia. Jibu ni kwamba mwigizaji naye aandaliwe. Afanye zoezi moja watu wakitembea na kuongea ukumbini, aambiwe sauti zipi atarajie, ajifunze kuiacha sauti ipite kisha aendelee. Aliyewahi kuigiza mbele ya bweni zima mwisho wa muhula ameshafika nusu ya njia. Wengine waliolipa kiingilio waambiwe mapema, kwenye tiketi na kwa dakika moja kabla ya mchezo, ili anayetaka kimya achague siku nyingine. Pasipo maneno hayo lawama humwangukia mzazi: macho yatamgeukia, na njiani atasikia kwamba hajui kulea. Mwaka 2011 Jess Thom, Mwingereza mwenye hali ya Tourette inayomfanya atoe sauti bila kukusudia, aliombwa ahamie kwenye kibanda cha fundi wa sauti baada ya watazamaji wenzake kulalamika, na tangu hapo amekuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa maonyesho haya. Alikuwa ametii ombi la ukumbi. Ukumbi ndio haukuwa umejiandaa kwa ajili yake.

Kuhusu pesa sina mengi ya kusema. Kurasa nane za nyeusi na nyeupe kwenye saiba hazimfilisi mtu, na picha zikipunguzwa uzito zinapita kwa WhatsApp bila kula bando. Gharama halisi ni muda wa yule mwenye daftari, na huo ulipwe kama wa mshonaji wa mavazi. Sheria ipo: kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupata habari, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia 2008 unautaja utamaduni waziwazi katika kifungu cha 30. Lakini sheria inaweza kudai njia ya kiti cha magurudumu. Haiwezi kuandika sentensi ya kofia na mlango. Wanaojua kuiandika wapo. Walimu wa vitengo vya usonji, kama kile cha shule ya msingi ya City huko Ngara, hutegemea picha kila siku kumwonyesha mtoto kinachofuata baada ya uji. Waitwe kwenye mazoezi, wasiletewe kijitabu kikiwa kimeshachapwa.

Nawe mzazi wa Komarock, ukiona bango la mchezo limebandikwa langoni kwa shule, kabla hujalipa piga nambari iliyoandikwa na uombe kijitabu. Ukiambiwa hakuna, uliza jenereta liko upande gani, mlango wa kutokea uko wapi, na kelele kubwa inakuja baada ya tukio lipi. Wasipoweza kukujibu hayo matatu, hawajawa tayari kumpokea mwanao.